Unakuja Mara ya Ngapi?

Leo nataka tuzungumzie wapenzi wanaoonana kwa tiketi ya ndege. Nakuru ya sasa inao wengi. Mke anahudumia wazee Leeds, mume amebaki Lanet na watoto. Binti anasomea shahada ya pili Coventry, mchumba wake anafundisha Njoro. Kijana yuko Ujerumani kwa mafunzo ya kazi, mkewe ana duka la nguo karibu na Kenyatta Avenue. Shule zikifungwa au likizo ikipatikana, yule aliyebaki anafunga safari, anakaa wiki tatu au mwezi, anarudi. Safari ya kwanza inapita vizuri, na ya pili vilevile. Kwenye ya tatu au ya nne, afisa wa uhamiaji anageuza kurasa za pasipoti pole pole, kisha anauliza: “Unakuja mara ya ngapi? Na huko kwenu unaishi lini?”

Swali hilo limewatoa jasho watu wenye akili timamu, wasio na kosa lolote. Wengine wamejibu kwa hasira, wengine wamejiumauma, na wengine wamedanganya pasipo haja ya kudanganya, wakarudishwa kwa ndege iliyofuata. Ninaamini kwamba mtu aliyesafiri kwa haki anaweza kujiandaa kwa swali hilo bila kukariri uongo wowote. Hilo ndilo ninalotaka tulifanye leo.

Tuanze na sababu ya watu hawa kuwa mbali na wapenzi wao, maana wengi hujilaumu wao wenyewe. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi kule. Muuguzi aliyepata viza ya afya aliweza kwenda na mume na watoto. Wahudumu wa wazee nao walipoongezwa katika viza hiyo walikuwa na nafasi hiyo hiyo. Kisha kuanzia Machi 11, 2024, wahudumu wa wazee wanaoomba upya wakazuiwa kwenda na familia. Miezi miwili kabla ya hapo, Januari 2024, wanafunzi wengi wa shahada za pili walikuwa wamezuiwa vivyo hivyo. Kwa hiyo wapo wanandoa wa Nakuru ambao hawakuchagua kuishi mbali na wenzao. Sheria ilifunga mlango wa familia ikawaachia dirisha la mgeni, na sasa inawauliza kwa nini wanachungulia mara kwa mara. Mimi naona jambo hilo linaumiza, na sioni aibu kulisema hapa redioni. Lakini yule afisa aliyeketi kwenye kaunta si yeye aliyeitunga sheria. Ukimpelekea uchungu huo atauandika kwenye ripoti yake kama sababu ya kukushuku.

Na kabla sijaendelea: kama mwenzako alikuwa tayari na viza ya uhudumu kabla ya Machi 11, 2024, msikate tamaa kwa maneno ya mtaani. Wengi wa waliotangulia waliachiwa haki ya kuwaita wenza wao. Muulizeni mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kule Uingereza, ambako ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili. Huyu wakala wa hapa mjini, mwenye ofisi ya chumba kimoja na simu tatu, hana usajili huo.

Sasa tumtazame afisa. Watu wengi hujiandaa kumthibitishia kwamba wanapendana kweli. Wanabeba picha za harusi, picha za ziwani na wakwe, na ujumbe wa usiku wa manane. Hayo yana nafasi yake kwa mtu anayeomba viza ya kuhamia kwa mwenzi wake. Kwa mgeni wa wiki tatu, upendo mwingi humpa afisa wasiwasi zaidi, kwa sababu yeye anataka kujua jambo lingine: maisha yako yako wapi? Kanuni za Uingereza zinamtaka aridhike kwamba utaondoka muda wako ukiisha, kwamba hutafanya kazi, kwamba una pesa za kukutosha au mwenyeji wako anazo, na kwamba hutafanya makao yako makuu yawe kule kwa njia ya ziara zinazofuatana. Hilo la mwisho ndilo linalomhusu mtu wa kwenda na kurudi.

Hapa kuna kosa ambalo limezagaa sana. Utasikia mtu akisema, “Mgeni anaruhusiwa miezi sita kwa mwaka.” Si hivyo. Viza ya kawaida ya mgeni inakuruhusu kukaa hadi miezi sita kwa ziara moja, na hata viza ya miaka miwili, mitano au kumi ina mpaka huo huo kwa kila ziara. Hakuna mahali kanuni zinaposema una siku 180 kwa mwaka za kutumia upendavyo. Afisa anaangalia mwenendo wako mzima: katika miezi 12 iliyopita umekuja mara ngapi, ulikaa muda gani kila safari, ulipita muda gani kabla ya kurudi tena, na ukijumlisha yote, umekuwa kule zaidi au hapa zaidi. Ataangalia kama umejiandikisha kwa daktari wa mtaa kule, au kama mtoto ameingizwa shule. Mtu aliyekaa miezi mitano, akarudi Nakuru siku kumi, kisha akatua tena Heathrow na mabegi mawili, hana maneno ya kumwokoa. Kalenda yake imekwisha kujibu.

Ulaya bara kuna hesabu iliyo wazi zaidi, na uwazi huo huwaponza wale wasiohesabu. Katika nchi 29 za Schengen, Ujerumani na Uholanzi zikiwemo, una siku 90 ndani ya kila siku 180, na hizo 180 zinahesabiwa kurudi nyuma kila siku unayokuwa kule. Chukua mfano wa mama mwenye duka. Ameingia Machi 1, ametoka Aprili 29. Hizo ni siku 60, maana siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Sasa anataka kurudi Julai 1 akae miezi miwili. Hawezi. Amebakiwa na siku 30, na Julai 30 lazima awe anaondoka, hata kama viza iliyobandikwa kwenye pasipoti inaonyesha tarehe za Septemba. Tena zile siku za kugongewa mihuri isiyosomeka zinapita. Tangu Oktoba 12, 2025, nchi hizo zilianza kuingiza mtambo unaosajili wageni kwa sura au alama za vidole, na ndio unaohesabu siku. Hesabu yako na ya mtambo zikitofautiana, ya mtambo ndiyo itakayoaminiwa.

Marekani afisa ana uwezo mpana zaidi. Sheria yao inamchukulia mwombaji wa viza ya ziara kuwa anataka kuhamia mpaka aonyeshe kinyume chake. Viza ukishaipata ni ruhusa ya kufika mlangoni tu; wa kukuingiza ni afisa wa uwanjani. Anaweza kukuhamishia chumba cha pili, akaitazama simu yako, na akikurudisha kwa amri ya haraka unafungiwa nje miaka mitano.

Sasa tuje kwenye ushauri wa mtaani, ule unaotolewa kwa nia njema kabisa. Shangazi anasema, “Usitaje kwamba una mchumba kule. Sema unaenda kutalii.” Rafiki anasema, “Sema unakaa hotelini.” Msikilizaji wangu, nakuomba kwa moyo wangu wote usiufuate ushauri huo. Afisa ana fomu uliyojaza ulipoomba viza, na pengine fomu za miaka iliyopita. Mara nyingi hupiga simu kwa mwenyeji wako wewe ukiwa umesimama pale pale. Mwenzako, asiyejua umesema nini, atasema ukweli: “Ndiyo, ni mume wangu, anakuja kwangu.” Hapo safari iliyokuwa halali imegeuka kuwa ulaghai. Uingereza ukipatikana na udanganyifu katika ombi la viza unaweza kufungiwa miaka kumi. Marekani, kusema uongo juu ya jambo la msingi kunaweza kukufungia maisha. Kumtembelea mpenzi ni sababu halali ya kuingia katika nchi zote hizi, na kuificha ndiko kunakoipa sura ya hatia.

Kwa nini basi tunaogopa kuulizwa? Nadhani sehemu ya jibu iko hapa hapa tulipo. Milimani yetu hapa Nakuru ilikuwa mtaa wa Wazungu. Mwafrika mwanamume kuanzia miaka ya 1920 alitembea na kipande shingoni, na bila kipande hicho alikamatwa. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa 1952, wazee wengi wa Bonde la Ufa waliulizwa na askari barabarani wanatoka wapi, wanakwenda wapi na kwa idhini ya nani. Watoto wao walilelewa wakijua kwamba mtu mwenye sare akikuuliza, kuna shari. Ndiyo maana mzee wa heshima, aliyestaafu ualimu, anafika mbele ya kaunta ya kigeni akitetemeka, ilhali nyaraka zake zote ziko sawa. Ninawaambia watoto wa wazee hao: wakalisheni kabla ya safari, waulizeni maswali yale yale kwa upole jioni moja au mbili, wasikie kwamba ni maswali tu.

Na kuna suala la malezi. Sisi tumefundishwa kumjibu mkubwa macho yakitazama chini, na kuanza na maelezo kabla ya jibu. Ukiulizwa “Utakaa muda gani?” unaanza na jinsi ulivyopata likizo, jinsi mama mkwe alivyougua, kisha baada ya dakika mbili unafika kwenye tarehe. Hapa kwetu hiyo ni adabu. Kule inasomeka kama mtu anayetafuta la kusema. Mtazame usoni, jibu kilichoulizwa, nyamaza. “Wiki tatu. Narudi tarehe 28. Shule inafunguliwa tarehe 2.” Kama Kiingereza au Kijerumani kinakushinda, usijilazimishe, omba mkalimani wa Kiswahili, hata ikibidi usubiri. Watu wameandikiwa majibu ambayo hawakuyatoa kwa sababu waliitikia “yes” kwa kila kitu. Na usitie saini karatasi usiyoielewa.

Kujiandaa kwenyewe kunaanza wiki kadhaa kabla, mezani kwako. Chukua daftari uandike safari zako zote za miaka miwili iliyopita, siku ya kuingia na siku ya kutoka, ukizilinganisha na mihuri. Jumlisha. Ukiona umekaa kule zaidi ya ulivyokaa Nakuru, usiende bado. Kaa nyumbani kwanza, au mwenzako ndiye aje safari hii. Ni ushauri unaouma, najua, hasa kwa wenye watoto wadogo, lakini ni bora kuliko kurudishwa watoto wakikusubiri upande wa pili wa mlango wa wageni.

Kisha kusanya ushahidi wa maisha yako ya hapa. Mwajiriwa achukue barua ya mwajiri inayotaja tarehe ya kurudi kazini, si barua inayosema tu kwamba yeye ni mfanyakazi mwema. Mwenye biashara achukue cheti cha usajili, leseni ya kaunti ya mwaka huu na taarifa za kodi. Mkulima wa Molo au Bahati hana hati ya mshahara, na wengi huona hawana la kuonyesha. Wanalo: hatimiliki au mkataba wa shamba, stakabadhi za maziwa au viazi, taarifa za M-Pesa, michango ya sacco, barua ya shule ya watoto. Taarifa ya benki iwe na historia. Laki tano zilizowekwa wiki moja kabla ya ombi, kwenye akaunti ambayo huwa na elfu saba, zitaulizwa zimetoka wapi. Kama ni mkopo wa chama, sema ni mkopo wa chama na uwe na karatasi yake. Ongeza tiketi ya kurudi, na kwa Schengen bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Hati hizi zote zibebe kwenye mkoba wa mkononi. Begi kubwa huwezi kulifikia ukiwa umesimama kwenye foleni ya uhamiaji.

Mwenzako naye ana kazi yake. Aandike barua ya mwaliko inayosema uhusiano wenu ulivyo, anaishi wapi, ana ruhusa gani ya ukaazi, na nani analipia nini. Awe hewani saa ile ndege inapotua. Mwenye zamu ya usiku asilale simu ikiwa imezimwa. Na nyote wawili mjue ukweli wa kila mmoja: jina la mwajiri wake, mtaa anaokaa, wanaokaa naye nyumba moja. Nimesikia kisa cha mume ambaye hakujua mkewe alikwisha kuhama mji, kwa sababu hawakutaka kusumbuana na mambo madogo. Mbele ya afisa mambo madogo ndiyo yanayoulizwa.

Niseme pia juu ya begi. Mtu anayekwenda wiki tatu hana haja ya vyeti vyake halisi vya chuo, wala leseni ya uuguzi, wala sufuria na blanketi. Na gauni la harusi! Viza ya kawaida ya mgeni Uingereza haikuruhusu kufunga ndoa kule. Ipo viza maalumu ya mgeni anayekwenda kuoa au kuolewa, na ipo ya mchumba wa mtu mwenye makazi ya kudumu. Kama mnataka kufunga ndoa, ombeni ile inayofaa, au fungeni hapa Nakuru, ndugu washuhudie.

Jaribu kubwa zaidi ni kazi. Mke amechoka, ana zamu mbili mfululizo, na mume yuko nyumbani anatazama televisheni. Mtu anamwambia, “Nenda umshikie zamu moja, hakuna atakayejua.” Au anapewa akaunti ya mtu apeleke vyakula kwa baiskeli. Usifanye. Hata kulipwa kwa fedha taslimu ni kazi. Kujibu barua pepe za kazi yako ya Nakuru ukiwa kule kunaruhusiwa Uingereza, mradi si sababu ya safari yako. Kumpikia mwenzako na kuwatunza watoto wenu ukiwa ziarani ni maisha ya kawaida. Lakini ujumbe mmoja kwenye simu unaosema “nimepata kazi ya kuosha magari huku” unaweza kufuta safari zako zote zilizotangulia.

Ukikataliwa, usipige kelele na usilie kwa kuomba msamaha wa kosa ambalo hukufanya. Omba uamuzi kwa maandishi. Schengen wanalazimika kukupa fomu yenye sababu, na una haki ya kukata rufaa, ingawa rufaa haizuii kurudishwa. Uingereza iliwaondolea wageni wa kifamilia rufaa yao ya kawaida Juni 2013, kwa hiyo mara nyingi dawa ni ombi jipya linalojibu ile sababu iliyoandikwa. Na kuanzia siku hiyo, kila fomu itakayokuuliza kama umewahi kukataliwa, jibu ndiyo. Hata kama ni miaka minane baadaye, na nchi ni nyingine kabisa.

Wenye wapenzi Kampala au Kigali mna nafuu. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, akapewa hadi miezi sita. Arusha utahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Tatizo la mipaka yetu ni njia za panya. Mtu anavuka Busia kwa bodaboda bila kupita kwa uhamiaji kwa sababu foleni ni ndefu, kisha baada ya miezi minne anaugua au anapata ajali, na hakuna karatasi inayoonyesha aliingia lini. Piteni kaunta.

Na tuwakumbuke wapenzi wanaokuja kwetu. Tangu Januari 2024 wageni wengi wanaokuja Kenya huomba idhini ya kielektroniki kabla ya kusafiri, na afisa wetu pale uwanja wa ndege wa JKIA huwauliza yale yale: unakaa kwa nani, hadi lini, mara ya ngapi. Mgeni aliyeoana na Mkenya anaweza kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa, kwa Kifungu cha 15 cha Katiba. Kabla ya hapo kuna pasi ya mtegemezi, ambayo wengi hawaiombi, wakaendelea kurefusha ziara mwaka baada ya mwaka mpaka siku wanapoulizwa.

Hilo linanirudisha kwa wale wanaokwenda. Kuna wakati ukweli wenyewe ni kwamba mmekwisha kuamua kuishi pamoja kule. Nguo zako ziko kule, biashara ya hapa umemwachia ndugu, na unakuja Nakuru ili tu ionekane umerudi. Katika hali hiyo hakuna maandalizi ya maswali yatakayokusaidia, wala mimi siwezi kukufundisha namna ya kuyajibu. Kaeni chini muulize njia ya familia inataka nini. Kwa mwenzi wa raia au mkaazi wa kudumu wa Uingereza, tangu Aprili 2024 wanaoanza njia hiyo wanatakiwa kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka na mtihani mwepesi wa Kiingereza. Ujerumani kwa kawaida mwenzi anatakiwa Kijerumani cha ngazi ya kwanza, A1. Ni ghali na ni polepole. Lakini mwaka mmoja wa kujifunza lugha ukiwa hapa Nakuru unakwenda mbele, na mwaka wa ziara za kubahatisha unaweza kuishia kwenye benchi la uwanja wa ndege.

Na jambo moja la mwisho kwa wasafiri wa mwezi huu. Uingereza haigongi muhuri unapotoka. Wao huchukua taarifa zako kutoka kwa shirika la ndege. Kwa hiyo ukitua JKIA, hata ukiwa umechoka na matatu ya Nakuru inakungoja, hakikisha afisa wa Kenya amegonga muhuri wa kuingia na kwamba tarehe inasomeka. Tunza na kile kipande cha tiketi ulichopandia ndege. Safari ijayo ukiulizwa uliondoka lini, utafungua ukurasa huo uuweke mbele yake.